Waendao Mtoni bila Ndoano

Ukitaja nchini Kenya klabu ya watu wanaokwenda mtoni pamoja, wengi watadhani unawasema wavuvi wa trauti. Samaki huyo si mwenyeji. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa ajili ya mto Gura, kule Aberdare. Tangu hapo walowezi, na baadaye Wakenya wenye nafasi na subira, wamekuwa wakipanda milimani wakiwa na fimbo nyepesi na chambo cha bandia kilichofungwa kwa uzi na manyoya kikafanana na nzi. Wana leseni zao, wana masharti yao ya samaki wangapi mtu aondoke nao. Trauti hutaka maji baridi yanayokimbia mwaka mzima, kwa hiyo wavuvi hao hawashuki Kitui wala Makueni. Wangeshuka mwezi wa Septemba wangeukuta mto Tiva, au Thwake, au Kaiti, ni barabara pana ya mchanga mkavu yenye nyayo za punda.

Lakini mito hiyo nayo ina klabu yake, tena kongwe kuliko trauti. Wanachama wake hutoka alfajiri siku waliyoagana, wana kiongozi, daftari, faini na nyimbo. Jina lake ni mwethya, na kinachowapeleka mtoni ni maji yenyewe.

Kwa Mkamba wa zamani, mwenyeji wa Kitui na Makueni, musyi, yaani boma la mtu na watu wake, halikuweza kujitosheleza. Lilikaa ndani ya utui, ujirani wa maboma kadhaa yanayojuana kwa ukoo au kwa kuishi pamoja muda mrefu, na motui kadhaa zikafanya kivalo. Kazi ikizidi nguvu za boma moja, kama kujenga nyumba, kufyeka shamba jipya, au kupalilia kabla magugu hayajaushinda mtama, mwenye kazi alipeleka habari utuini kwamba siku fulani ana mwethya. Waliokuja hawakulipwa. Walilishwa, na wazee wakanyweshwa uki, pombe ya asali au ya miwa. Mwenyeji aliyewapikia watu chakula cha kubabaisha alijua fika kwamba siku nyingine akiita, watu watakuwa na homa.

Kulikuwa pia na mwilaso, kikundi kidogo cha watu wachache wanaoaminiana: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Mwilaso ni deni linalohesabika siku kwa siku na huisha mzunguko ukiisha. Mwethya ni deni lisiloisha. Mtu huliingia siku anapozaliwa utuini, na hata akihamia Nairobi hutumiwa ujumbe wa kumkumbusha.

Ninasisitiza neno deni kwa sababu wageni wengi wanaosifu mwethya huona ndani yake upendo tu. Upendo upo, lakini kilichouweka mwethya hai mpaka leo ni ukali wa masharti yake. Asiyekuja anajulikana kwa jina, na siku ya msiba wake watu wote wanakumbuka.

Serikali ya kikoloni iliigundua nguvu hiyo na ikaanza vibaya. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na ardhi ya Wakamba, iliyobanwa na mipaka ya mashamba ya walowezi, ilikuwa ikimomonyoka. Dawa ya serikali ikawa kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Muindi Mbingu, aliyekuwa mbele yao, alikamatwa akapelekwa kuishi Lamu, lakini mpango wa kuuza ng'ombe kwa lazima ulibidi usitishwe. Baadaye likaja sharti la kuchimba matuta chini ya uangalizi wa machifu, na watu wakachimba kwa mikono mizito kama mikono ya mtu yeyote anayechimba kwa amri. Ni katika miaka ya 1950 ndipo baadhi ya maofisa walipowaachia watu wajipange wenyewe kwa mtindo wa mwethya, na kuchagua viongozi wao. Matuta yakaongezeka kwa kasi ambayo amri haikuwahi kuipata. Tuta lililowapendeza zaidi ni lile la kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, na jina lake la Kiswahili, fanya juu, sasa limo katika vitabu vya kilimo vya nchi ambazo hazina Mkamba hata mmoja.

Njaa nazo zilifundisha. Ukambani njaa hupewa jina kama mtoto. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ya 1961 ni ya ndeke, kwa ajili ya ndege zilizodondosha chakula. Ya mapema miaka ya 1980 iliitwa Nikwa Ngwete, njaa ya mtu anayekufa huku pesa kashika mkononi, maana madukani hapakuwa na kitu cha kununua. Mzee akikutajia mwaka aliozaliwa huenda akakutajia njaa badala ya tarakimu. Watu wenye kalenda ya namna hiyo hawahitaji mhadhara juu ya thamani ya maji.

Hapo ndipo linapoingia bwawa la mchanga, kazi kubwa kuliko zote ambazo mwethya hufanya siku hizi. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu mahali ambapo mwamba uko karibu. Mvua za nthwa, zile za Oktoba hadi Desemba ambazo Ukambani huzitegemea kuliko za uua za Machi hadi Mei, huleta mafuriko yaliyobeba mchanga na tope. Tope jepesi hupita juu ya ukuta likaendelea na safari, na mchanga mzito hutua. Baada ya msimu mmoja, au hata mitatu mvua zikiwa haba, nyuma ya ukuta pamejaa mchanga, na kati ya chembe za mchanga huo mna maji, kiasi cha asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote. Jua haliyanywi kama linavyoyanywa maji ya silanga, bwawa la udongo lililo wazi. Mbu hawapati pa kutagia. Mtu hufukua shimo mchangani, au huweka pampu kando, akateka.

Upande wa Machakos, katika kijiji cha Kola karibu na mpaka wa Makueni, Joshua Mukusya na majirani zake walianza kazi hii mwaka 1978 katika kundi lililokuja kujulikana kama Utooni. Kitui, shirika la SASOL limejenga mabwawa ya namna hiyo pamoja na wanakijiji tangu miaka ya 1990, na sasa yanahesabika kwa mamia. Mashirika huleta saruji, nondo na fundi. Vitu vingine vyote hutoka kwa mwethya: mawe, mchanga, maji ya kukorogea zege, mbao za kushikilia ukuta, chakula na mikono.

Siku ya mwethya huanza mapema kwa sababu jua la Ukambani halina heshima kwa mtu. Kufikia saa moja ya asubuhi wenye punda wameshafika na mitungi. Kila mtu huja na chombo chake. Huyu ana sururu, yule mtaimbo, mwingine karai au beleshi, na asiye na chombo hupewa kazi ya mikono mitupu ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Katibu hufungua daftari na kuita majina. Aliyechelewa huandikwa, na asiyekuja kabisa hutozwa faini, ndogo kwa mfuko lakini nzito kwa aibu, kwa kuwa husomwa mbele ya watu. Mgonjwa husamehewa. Mwenye safari hutuma mtu wa nyumbani kwake, na hapo huzuka ubishi usiokwisha kuhusu iwapo kijana wa miaka kumi na minne ni mtu mzima mbele ya jiwe. Kukiwa na msiba utuini, mwethya huahirishwa bila mjadala.

Kwanza huchimbwa mtaro kuvuka mto mpaka mwamba uonekane, ufagiliwe na kuoshwa kama sakafu ya mgeni. Fundi asiporidhika na mwamba kazi haianzi, maana maji yakipata upenyo chini ya ukuta, jasho lote limekwenda na mafuriko. Mawe makubwa hupondwa yakawa madogo. Kisha watu hupanga mstari kutoka kwenye rundo hadi ukutani, na jiwe husafiri kutoka mkono hadi mkono huku wimbo ukienda nalo. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na maneno hubuniwa papo hapo: leo anasifiwa fundi, kesho anachomwa yule anayekwenda kichakani mara tano kwa saa. Ukitaka kujua nani mvivu katika kijiji usiulize chifu, sikiliza nyimbo za mwethya.

Saa ya kupumzika huja muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamepikwa na maharagwe au mbaazi. Hata hapo mikono hailali. Utawaona akina mama waliokaa chini ya mgunga wakisokota katani juu ya paja au wakiendeleza kiondo kilichoanzwa juma lililopita. Bei ya kiondo kimoja mara nyingine ndiyo inayolipa ile faini.

Nimesema akina mama. Katika mistari hiyo ya mawe wanawake ndio wengi, wakati mwingine kwa mbali sana. Wanaume wengi wa Kitui na Makueni wako Nairobi au Mombasa kutafuta riziki. Waliobaki husemekana wana mkutano. Ni kweli pia kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa akiamka usiku kufuata maji mbali, kwa hiyo ndiye anayejua ukuta huu unamwokolea nini. Hata hivyo siungi mkono picha za vipeperushi zinazomwonyesha akitabasamu na jiwe kichwani kana kwamba alizaliwa nalo. Hiyo ni kazi ya bure inayobebwa na upande mmoja wa nyumba, na vikundi vilivyo imara nilivyoviona ni vile vilivyoandika katika katiba yao kwamba kila boma litoe mtu, mume au mke, kwa zamu. Baadhi ya vikundi hivyo hukusanya akiba na kukopeshana siku hiyohiyo ya kazi, kabla watu hawajatawanyika. Mwanachama mwenye deni la kikundi hukumbuka vizuri siku ya mwethya.

Ukuta peke yake hautoshi. Miteremko ya kando ya mto isipochimbwa matuta ya fanya juu na kupandwa majani ya kushika udongo, mafuriko yataleta tope jingi kuliko mchanga, na tope halitoi maji. Ndiyo maana vikundi vyenye uzoefu huanza mashambani, msimu mzima, kabla ya kugusa mto. Wenye haraka huona huko ni kupoteza wakati. Baada ya miaka michache unawatambua kwa kuangalia miembe: kando ya bwawa lililofanyika vizuri miembe na michungwa hubaki kijani Septemba, wakati mlima mzima umegeuka rangi ya ngozi ya simba.

Na samaki? Wapo, kwa kiasi. Athi, unaopita kati ya kaunti hizi mbili, haukauki, na katika vidimbwi vyake vijana huvua kambare. Wazee wengi wa zamani hawakumhesabu samaki kuwa chakula cha mtu mwenye mbuzi. Siku hizi kwenye bwawa la Kiambere, kwenye mto Tana, kuna wanaoishi kwa uvuvi, na tilapia amezoeleka sokoni Mwingi. Bwawa kubwa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 mahali Thwake unapoingia Athi, huenda siku moja likaleta hata wavuvi wa fimbo. Tutawakaribisha, alimradi walipe ada.

Tishio la sasa halitoki mbali. Mchanga uleule unaohifadhi maji ndio unaotafutwa kwa ujenzi Nairobi, na lori moja la usiku hubeba kazi ya mafuriko kadhaa. Ugomvi wa mchanga umeua watu. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Sheria hiyo inafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo mwethya upo, kwa sababu lori likiingia mtoni saa nane za usiku, polisi wako mjini na akina mama wa daftari wako palepale.

Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti zina fedha zao za maji, na fedha hizo zimeleta mkandarasi. Mkandarasi hujenga ukuta haraka, huajiri vijana kwa malipo ya siku, hupiga picha na kuondoka. Ukuta ukipata ufa hakuna anayejua ni wa nani. Ule uliojengwa na mwethya ukipata ufa, watu huitana, faini za mwaka hununua saruji, na kufikia Jumamosi umezibwa. Wakuu wa maji wa Kitui na Makueni, kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa bwawa, ulizeni kwanza kama kijiji hicho kina daftari la mwethya, na kama lipo, kikundi hicho kiandikwe kwenye mkataba pamoja na mkandarasi, kikiwa na haki ya kuukataa mwamba usiofaa.