Roboti ya Kukata Majani Hugeukaje?

Bila shaka umewahi kukata majani kwa fyekeo katika uwanja wa shule yenu. Ulipofika mwisho wa sehemu yako uligeuka, ukaanza tena. Hukuhitaji kufikiri juu ya kugeuka. Macho yako yaliuona mpaka, na miguu yako ikakupeleka ulikotaka. Sasa fikiri juu ya mashine isiyo na miguu, ambayo hukata majani peke yake bila mtu wa kuisukuma. Ifikapo mwisho wa uwanja, hujuaje kwamba imefika? Na hugeukaje?

Mashine ya namna hiyo huitwa roboti ya kukata majani. Roboti hizi hutumika sana katika nchi za Ulaya, ambako nyumba nyingi zina bustani za ukoka. Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilianza kuuza roboti iliyopata nguvu zake kutokana na mwanga wa jua. Roboti nyingi za siku hizi hutumia betri. Betri ikikaribia kwisha, roboti hurudi yenyewe kwenye kituo chake ili ijazwe umeme.

Ukiiona roboti hii kwa mbali waweza kudhani kuwa ni kobe mkubwa. Chini ya tumbo lake mna sahani inayozunguka, yenye visu vidogo vyembamba kama nyembe. Nyuma yapo magurudumu mawili makubwa, na kila gurudumu lina mota yake. Magurudumu madogo ya mbele hayana mota. Hayo hufuata tu upande yanakovutwa. Roboti haina usukani. Hugeuka kwa sababu magurudumu yake mawili ya nyuma yaweza kwenda kwa mwendo usio sawa.

Ili uelewe jambo hili, fanya jaribio pamoja na mwenzako. Tafuteni fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1 hivi. Wewe shika ncha moja, mwenzako ashike ncha ya pili. Tembeeni mbele kwa hatua zilizo sawa. Fimbo inakwenda moja kwa moja. Sasa wewe punguza mwendo, naye aendelee kama awali. Fimbo inapinda kuelekea upande wako. Kisha simama kabisa, naye aendelee kutembea. Fimbo inakuzunguka wewe. Mwisho, wewe rudi nyuma huku yeye akienda mbele. Je, fimbo inazunguka wapi? Utaona kwamba inazunguka katikati yake, wala haisogei kwenda mahali pengine.

Ninyi wawili ni magurudumu ya nyuma ya roboti. Tuseme magurudumu hayo yameachana kwa sentimita 40. Gurudumu moja likisimama, la pili halina budi kwenda sentimita 63 hivi ili roboti igeuke robo ya mzunguko. Lakini moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma, kila moja litakwenda sentimita 31 tu, na roboti itageuka palepale ilipo. Mgeuko wa namna hii hufaa sana katika njia nyembamba, kwa mfano kati ya ukuta na shina la mti.

Sasa tutazame mpaka. Katika bustani nyingi, waya huzungushwa pembezoni mwa uwanja, juu ya udongo au chini yake kidogo. Mkondo mdogo wa umeme hupita ndani yake. Umeme upitapo katika waya, nguvu za sumaku hutokea kando ya waya huo. Roboti ina koili zinazohisi nguvu hizo, hata ikajua kama ipo ndani ya mpaka au imetoka nje. Ikifika kwenye waya husimama, hurudi nyuma kidogo, hugeuka, kisha hushika njia mpya. Zipo pia roboti mpya zisizohitaji waya, ambazo hutambua mahali zilipo kwa msaada wa setilaiti.

Roboti nyingi za waya hazigeuki kwa pembe ileile kila mara. Mara hugeuka kidogo, mara hugeuka sana. Mtu aitazamaye kwa muda mfupi huiona kama imepotea. Lakini kama ingegeuka mahali pamoja kila siku, magurudumu yangekwangua ukoka mpaka udongo ukaonekana, na mvua ikinyesha pangekuwa na matope.

Katika uwanja mkavu ulio sawa kazi hii ni rahisi. Mambo hubadilika kwenye mteremko. Gurudumu husukuma mashine kwa sababu ya msuguano kati yake na ardhi. Majani yakilowa, msuguano hupungua, na gurudumu huteleza. Hapo roboti yaweza kudanganyika. Inahesabu mizunguko ya gurudumu na kudhani kwamba imegeuka, kumbe gurudumu limezunguka bure na kuchimba shimo. Kwa hiyo roboti nyingine zina kifaa kinachohisi mwili wa mashine ukigeuka, ili hesabu ya magurudumu isitegemewe peke yake.

Roboti ikikata ubavuni mwa mteremko, uzito wake huelemea gurudumu la chini, na la juu hubaki jepesi. Pua yake nayo huvutwa kuelekea bondeni, kwani magurudumu ya mbele hayawezi kuizuia. Basi gurudumu la chini hulazimika kusukuma zaidi ili njia inyooke. Hatari iliyo kubwa ni mpaka uliowekwa chini ya mteremko mkali. Roboti hushuka, huuhisi waya, hujaribu kusimama, lakini huteleza. Kama mbele yake pana bwawa, itatumbukia humo. Kwa miteremko mikali zimetengenezwa roboti ambazo magurudumu yote manne yana mota.

Kuna mgeuko mmoja ulio muhimu kuliko yote, nao ni ule wa kumkwepa kiumbe hai. Katika bustani za Ulaya kalunguyeye hutoka usiku kutafuta chakula. Akiogopa hakimbii, bali hujiviringa. Mwaka 2021 wataalamu wa Denmark walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa kutumia kalunguyeye waliokwisha kufa. Roboti walizozijaribu hazikumtambua mnyama mpaka zilipomgusa. Nyingine ziligeuka bila kumdhuru, nyingine zilimkata. Ndiyo maana watu wengi hushauriwa kuziendesha roboti zao mchana.

Kazi ya kufanya: Tafuta ubao na kipande kidogo cha mti. Weka kipande juu ya ubao, kisha inua ncha moja ya ubao polepole. Pima kimo cha ncha hiyo wakati kipande kinapoanza kuteleza. Lowesha ubao kwa maji, urudie. Andika vimo vyote viwili katika daftari lako. Ubao wenye maji ya sabuni, je?