Njoro na Otoyo: Urafiki Usiodai Ufasaha

Sisi walimu wa fasihi tuna mazoea ya kumshughulikia mhusika mkuu hata tukawasahau walio pembeni mwake. Mwanafunzi huamrishwa aorodheshe sifa za shujaa na aeleze umuhimu wake. Wahusika wadogo nao hupewa mistari miwili mitatu, kwamba wao “wanamjenga” mkubwa. Ndivyo tusomavyo vitabu vya kutahiniwa, na ndivyo tutazamavyo michezo ya runinga. Hata hivyo, yale ambayo jamii huyaamini pasipo kuyahubiri aghalabu hukaa pembeni, wala hayakai katikati ya jukwaa.

Tuchukue mfano wa Papa Shirandula, kipindi cha vichekesho kilichoanza kuonyeshwa na runinga ya Citizen mwaka wa 2007. Katikati yake alisimama Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, akiigiza bawabu anayewaficha watu wa nyumbani kwake kazi impayo riziki. Miongoni mwa waliomzunguka walikuwamo Njoro, aliyeigizwa na Kenneth Gichoya, na Otoyo, aliyeigizwa na Felix Odiwuor, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Jalang'o. Mmoja alikuwa na jina na matamshi ya Mlima Kenya. Wa pili alitoka huku kwetu Ziwani, na jina lake kwa Kijaluo ni la fisi wa hadithi zetu za jioni.

Tuwasikilize kwa sikio la kiisimu. Kijaluo hakina sauti “sh” wala “z”. Kwa hiyo mzungumzaji wake huelekea kusema “sule” badala ya shule, na “suri” badala ya zuri. Kikuyu nacho hakitofautishi “l” na “r”, ndipo kulala kukawa “kurara”. Tukiwapima marafiki hawa kwa mizani ya Kiswahili sanifu, wote wawili wataanguka. Lakini wanapopanga hila zao, wanapogombana na kupatana, hakuna anayehitaji mkalimani. Kiswahili kwao hakikuwa mali ya mmoja ambayo mwenziwe aliazima. Kilikuwa uwanja wa kati, na kila mmoja aliuingia akiwa na vumbi la kwao miguuni.

Jambo hili si dogo, hasa tukikumbuka majira yenyewe. Kipindi kilizaliwa mwaka uleule ambao nchi ilipiga kura tarehe 27 Desemba, na baadaye ikawaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile. Kisumu, mwendo mfupi kutoka hapa Bondo, waandamanaji walipigwa risasi, maduka yakachomwa, na majirani wenye majina kama la Njoro wakakimbilia usalama wao. Katika siku kama zile, lafudhi yaweza kumwua mtu. Neno moja tu kinywani humfichua alikozaliwa, na yule aliyechekwa jana kwa kusema “kura” akikusudia kula, leo huulizwa kwa hasira kura yake alimpa nani.

Yupo atakayesema kwamba vichekesho hivi ndivyo vinavyotufundisha kuwabandika watu chapa za kikabila: Mluhya bawabu, Mkikuyu mpenda pesa, Mjaluo mwenye majivuno. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Mwandishi mvivu huitumia lafudhi mahali pa ucheshi, akidhani sauti peke yake inatosha kuchekesha. Lakini kuna kipimo rahisi cha kuutenga ucheshi na dharau: je, tunacheka alichofanya mhusika, au tunacheka alikotoka? Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani aliigiza miaka mingi kama Ojwang', mzee wa Kijaluo, kwa lafudhi nzito ya huku Ziwani. Hata Wajaluo walimpenda, kwa kuwa Ojwang' alikuwa mtu kamili, mwenye ujanja, hofu na aibu zake. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu.

Turudi sasa darasani, maana huko ndiko kwenye dhima yetu. Mtoto wa Bondo anayesimama kusoma kifungu, akasema “samba” badala ya shamba, kisha darasa zima likaangua kicheko na mwalimu akatabasamu, hajifunzi kutamka “sh”. Anajifunza kunyamaza. Kesho hainui mkono, na mwisho wake Kiswahili anakiona ni lugha ya wenyewe, watu wa pwani na wa mijini, wala si yake. Hapana budi mwalimu asahihishe, kwani mtahini hatamsamehe mwanafunzi aliyeandika “samba” katika insha. Lakini kusahihisha na kudhihaki ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza humwongezea mtoto sauti. La pili humpokonya hata zile alizokuwa nazo.

Kwa hiyo ninawahimiza walimu wenzangu: mkiwafundisha wanafunzi uhakiki, wapeni pia kazi ya kuwatazama marafiki wawili walio pembeni. Waulizeni nini kiliwaunganisha, na nini hawakudaiana. Kijaluo kina neno osiep, yaani urafiki, na sijamsikia mzee yeyote akilieleza neno hilo kwa kutaja matamshi. Wahenga wa Kiswahili nao walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema akufaaye kwa ufasaha.