Kuku, Viazi na Nakati katika Sahani ya Kampala

Katika jiji la Kampala kuku na viazi huliwa kwa namna mbili ambazo kilishe hazifanani. Ya kwanza ni chipsi kwa kuku, ambayo huuzwa hadi usiku katika maeneo kama Wandegeya. Ya pili ni luwombo, yaani kitoweo kinachofungwa ndani ya jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke, ambacho masimulizi ya Buganda hukihusisha na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887, na ambacho huandamana na viazi au matoke pamoja na mboga za majani kama nakati na dodo. Virutubishi, yaani vile viini vya chakula ambavyo mwili huvitumia kujijenga, kupata nguvu na kujikinga na maradhi, havitegemei aina ya vyakula peke yake, bali pia hutegemea jinsi vyakula hivyo vilivyopikwa, vilivyochanganywa na vilivyogawiwa kwa walaji.

Katika mlo huu kuku ndiye mwenye protini. Gramu 100 za nyama ya paja iliyopikwa na kuondolewa ngozi zina gramu 25 hivi za protini, kiasi ambacho ni nusu ya mahitaji ya siku ya mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60; na ingawa kidari hulizidi paja kwa protini, paja lina chuma na zinki nyingi zaidi. Chuma cha nyama hufyonzwa na utumbo kwa urahisi kuliko kile cha mimea, na jambo lenye uzito zaidi ni kwamba nyama yenyewe huusaidia utumbo kufyonza chuma kilichomo katika mboga zilizoliwa pamoja nayo. Kwa hiyo kipande kidogo cha kuku kilichozungukwa na mboga nyingi kina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa na wale wanaopima ubora wa mlo kwa ukubwa wa mnofu.

Viazi mviringo, ambavyo kwa wingi hufika katika masoko ya Kampala kutoka nyanda za juu za Kigezi, vimesingiziwa makosa ambayo kwa kweli ni ya mafuta. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa na ganda lake hutoa kalori 87 hivi, miligramu 13 za vitamini C na karibu miligramu 380 za potasiamu, ambayo ni madini yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu. Kiazi hicho kikikatwakatwa na kukaangwa, maji yake hutoka yakiwa mvuke na mafuta huingia mahali pake, hata gramu 100 za chipsi zikafikia kalori 300 au zaidi. Sahani yenye gramu 200 za viazi vya kuchemsha, gramu 120 za paja lisilo na ngozi na gramu 150 za dodo iliyotiwa kijiko cha mafuta ina kalori zipatazo 550, ilhali uzito uleule wa chipsi na kuku wa kukaangwa na ngozi yake, pasipo mboga yoyote, huzidi kalori 900. Ni kweli kwamba wanga wa viazi hupandisha sukari ya damu upesi, lakini protini ya kuku na nyuzinyuzi za mboga, yaani zile sehemu za mmea zisizomeng'enywa tumboni, huipunguza kasi hiyo.

Mahali pa viazi mviringo panaweza kushikwa na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo aina zake mbili, Ejumula na Kakamega, zilitolewa rasmi kwa wakulima wa Uganda mwaka 2004. Mtafiti wa Uganda Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao, na viazi hivi vilikuwa kiini cha kazi ya watatu wa kwanza. Rangi hiyo ni ya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, mafuta ya kuku au mchuzi wa karanga katika luwombo huusaidia mwili kuipata.

Mboga ndiyo sehemu inayopuuzwa, nayo ndiyo inayostahili kutetewa kwa nguvu zaidi. Dodo, yaani mchicha, huwa na takriban miligramu 200 za kalsiamu na 40 za vitamini C katika kila gramu 100 zilizopikwa, pamoja na folati, ambayo ni vitamini inayohitajika sana wakati wa ujauzito. Sehemu ya kalsiamu hiyo hushikwa na oksaleti, kemikali iliyomo ndani ya jani, na kwa hiyo hesabu ya maabara huizidi ile ya mwilini. Vitamini C nayo, ambayo hurahisisha ufyonzaji wa chuma cha mimea, huharibiwa na moto wa muda mrefu, na hapo luwombo, pamoja na sifa ya jani lake kuhifadhi mchuzi usimwagike na virutubishi vyake, haina kinga, kwa kuwa hukaa motoni kwa saa kadhaa. Wapishi wengi wa Buganda huifunga mboga peke yake katika kipande cha jani na kuiweka juu ya matoke yanapokaribia kuiva, ikapata mvuke wa dakika chache tu. Utaratibu huo ni sahihi kabisa kitaalamu, mradi majani yaoshwe kabla ya kukatwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiasi ambacho vipande vichache vya kabichi na nyanya kando ya chipsi haviwezi kukikaribia.

Kampala ina historia ndefu ya elimu hii. Katika Hospitali ya Mulago ndiko Hugh Trowell alikochunguza kwashakoo, maradhi ya utapiamlo yanayovimbisha mwili wa mtoto, hata akashirikiana na wenzake kutoa kitabu juu yake mwaka 1954. Baadaye yeye na Denis Burkitt, daktari mwingine wa Mulago, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuutangazia ulimwengu umuhimu wa nyuzinyuzi. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu, hapohapo Mulago, kimewafundisha akina mama kutengeneza kitobero, yaani chakula cha mtoto ambamo viazi au matoke, maharage au karanga, nyama kidogo na mboga huivishwa pamoja kwa mvuke na kupondwa. Mtoto aliyetimiza miezi sita hupata humo takriban yote yaliyoelezwa hapa juu, katika bakuli moja.

Bado kuna suala la mgawanyo. Katika Buganda ya zamani kuku na mayai vilikuwa mwiko kwa wanawake, nao ndio wanaopoteza damu kila mwezi na katika uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha upungufu wa damu kwa asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na kwa asilimia 53 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Malaria na minyoo vimechangia hali hiyo, lakini chakula nacho kina sehemu yake. Basi mlo unapopakuliwa, mama na apewe paja, mboga ijaze nusu ya sahani yake, na chai, ambayo tanini zake huzuia chuma kufyonzwa, isubiri walau saa moja baada ya kula.