Jina liko ndani ya ordinateri, lakini mashini inasema hakuna

Mchimbaji bila karti hana haki ya kushuka ndani ya shimo. Sheria ya madini ya 2002, ile waliyoibadilisha mwaka 2018, inasema wazi: karti ni ya mwaka mmoja, inafanywa upya, na mwenyewe anapashwa kuwa ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Kwa hiyo kila mwaka majina yanaandikwa tena, na liste zinajaa ndani ya ordinateri ya biro.

Sisi watu wa Kanyabayonga tunajua uzito wa jambo hili. Vijana wetu wanaenda kwenye dhahabu ya Manguredjipa, wengine kwenye kasiterite ya Walikale. Tarehe 28 Juni 2024 M23 iliingia hapa, na familia nyingi zikakimbilia Kayna, Kirumba, hata Butembo. Mtu akikimbia anabeba mtoto na godoro, karatasi zinabaki. Tuseme sasa mama anafika kwenye biro kuuliza: mume wangu aliandikwa? Numero yake ni gani? Sekretere anaandika jina, mashini inajibu hakuna. Mama anarudi mikono mitupu, na bila numero hata kudai haki ya marehemu ni kazi nguvu.

Lakini ile "hakuna" si ya kweli kila mara. Kuna sababu ine.

Ya kwanza: ordinateri za Windows, mara nyingi, zinatafuta jina la fishie tu, si maneno yaliyo ndani yake. Fishie inaitwa "liste mars", na jina la papa liko ndani, kwenye mstari wa 212. Ni kama kutafuta mtu kwa kusoma maandishi ya mlangoni bila kuingia nyumba. Sekretere afungue "Options d'indexation", aongeze dosie yenye liste zote, na ahakikishe kwamba mashini inasoma contenu pia. Kisha aiache ifanye kazi. Fishie zikiwa nyingi inachukua saa, zaidi pale kura inakatika-katika.

Ya pili: ndani ya Excel, mtu akibonyeza Ctrl na F, inatafuta ukurasa ule mmoja tu ulio wazi. Kama kila mwezi una ukurasa wake, afungue options, na pale "Dans" aondoe "Feuille" aweke "Classeur". Hapo inapita miezi yote.

Ya tatu: liste iliyopigwa foto au skane. Sisi tunaona majina, mashini inaona picha tu. Kuna programu za kugeuza picha kuwa maandishi, lakini mwandiko wa mkono zinausoma vibaya. Dawa ya kweli ni kukaa na kuandika upya jina moja-moja.

Ya ine inatuhusu sisi wenyewe: majina yetu. Kwa Wanande, kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Tafuta Kambale ndani ya liste ya wachimbaji: watatoka wengi mpaka utachoka. Tena huyu anaandika Kavugho, yule Kabugho. Kwetu ni jina moja, kwa mashini ni watu wawili. Sekretere ajaribu namna zote, au aandike kipande tu cha jina, kile kisichobadilika.

Kwa hiyo mama, ukienda biro usiende na jina tu. Beba numero ya karti kama iko, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba yake, na jina la chantier. Numero haina ndugu: ni ya mtu mmoja. Na wakikuambia hakuna, uliza kwa heshima: mmetafuta ndani ya fishie, ao jina la fishie tu?

Wakubwa wa kooperative nao, liste isikae kwenye mashini moja tu. Wekeni kopi kwenye kle USB, mahali pengine, kwa mtu wa kuaminika, maana liste ya majina ikianguka mikononi mbaya inaweza kuleta hatari.

Na wewe mchimbaji, leo kabla ya kushuka, piga foto ya karti yako pande zote mbili, uitume kwa mama wa nyumba.