Nyumba ya Sandoa Huanzia kwa Mhunzi

Anayetaka kujua jinsi nyumba ya udongo inavyosimama Sandoa, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, na aanzie kwa mhunzi. Walunda na Wachokwe wa bonde la Lulua hawakukata nguzo bila shoka wala kuzichonga bila tezo, na vyote viwili vilitoka kwenye banda la nyasi lisilo na kuta, ili moshi upate pa kutokea. Mhunzi hukaa mbele ya makaa. Kijana pembeni hufukuta mivukuto miwili ya mbao iliyowambwa ngozi, mkono huu ukipanda, ule ukishuka. Upepo hupitia bomba la udongo, maana mbao zikikaribia moto zitaungua.

Udongo wa kuta za nyumba ni wa kichuguu. Huku Lualaba vichuguu huwa virefu kuliko nyumba, na udongo wake, uliokwisha kulainishwa na mchwa, hushikana vizuri ajabu. Wayeyushaji wa kale wa shaba waliujengea matanuru yao. Nyumbani, fito zikishafungwa kwa kamba za magome, udongo hukanyagwa kwa maji na kukandikwa kwa mikono, na alama za vidole hukaa ukutani mpaka siku ya kusiliba. Nyasi za paa hukatwa kiangazi, kabla mioto ya porini haijazifikia. Jiko nalo lisikae sana bila kuwashwa, kwa sababu moshi ndio unaofukuza wadudu darini.

Wengine huhifadhi majengo yenyewe: huko Devon, Uingereza, baadhi ya nyumba za udongo na nyasi kavu zimedumu zaidi ya miaka 400, na kiwanda cha mhunzi wa zamani huweza kugeuzwa sebule na kulindwa kwa sheria. Walunda walihifadhi kwa namna nyingine, nami naiheshimu sana. Kila Mwant Yav, yaani mfalme wao, alipotawazwa alijenga Musumba, mji wake mkuu, mahali papya. Msafiri Mjerumani Pogge alifika Musumba mwaka 1875, na Mreno Carvalho mwaka 1887. Kuta zilioza, ramani ikabaki: mji ulipangwa kwa umbo la kobe, na kila kundi la watu wa mfalme lilijua lijenge sehemu gani ya mwili wa kobe.

Wabelgiji ndio waliovilazimisha vijiji vijipange kando ya barabara na kutulia hapo. Leo Musumba iko Kapanga, kaskazini ya Sandoa, na anayepata fedha za migodi ya Kolwezi hununua mabati kwanza. Simlaumu, nyasi zinachosha, na paa la nyasi hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini kuta hazikuwa na kosa. Shule za ufundi za Lualaba zingewaita wazee wawafundishe vijana kazi hii: kufinyanga donge la udongo wa kichuguu, kulianika juani, na kulikagua kama limepasuka kabla ya kubeba kikapu cha kwanza.