Salio Lilitaka Kunivunjia Ndoa

Alijiondoa kwenye huduma, simu ikaendelea kumkata hela. Mimi nikajua kuna mwanamke.

Msomaji wangu, kuna wivu wa aina nyingi. Wivu wa salio mimi nimeujua baada ya kuolewa.

Nafanya kazi Mbeya mjini. Mume wangu ni mwalimu Kisondela, kule Rungwe, ambako ukitoka kwenye migomba unaingia kwenye chai, na mvua haina adabu. Tunaonana wikiendi. Siku nyingine zote ndoa yetu inaishi kwenye simu, kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa namrushia salio la 1,000 anunue kifurushi tuongee jioni.

Jumatano, ananibip.

"Mbona unabip? Lile salio?"

"Limeisha, mke wangu."

Limeisha kwa kuongea na nani? Yaani wiki tatu mfululizo hadithi ni hiyohiyo. Nikaanza kupunguza maneno. Akiuliza kulikoni, namjibu "hamna kitu", na wewe unajua "hamna kitu" ya mwanamke maana yake nini.

Jumamosi moja niko Kisondela, saa nne usiku, simu yake ikawaka: "Mpenzi, usiku huu nakuwaza wewe tu." Yeye amelala fofofo. Mimi sikulala. Nilisikiliza mvua kwenye bati hadi asubuhi, nikafunga begi. Mama mkwe akanikuta mlangoni.

"Mwanangu, umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Nilipomuuliza, alinipa simu. "Soma namba. Mwanamke gani ana namba ya tarakimu tano?"

Kumbe wakati ananichumbia alijiunga na huduma ya meseji za mapenzi, Sh 150 kwa siku. Zile meseji tamu zilizonilainisha, alikuwa anazipokea huko na kunirushia mimi! Tulipooana akatuma neno la kujiondoa, akajibiwa kwamba ameondolewa. Lakini makato yakaendelea. Nikituma 1,000, akienda kununua kifurushi anaambiwa salio halitoshi, limebaki 850. Basi anapiga bila kifurushi, na hela inayeyuka. Aliona aibu kuniambia. Na mimi niliona aibu kuuliza.

Tukapigania hela yetu

Tulipiga huduma kwa wateja mara tatu. Bonyeza moja, bonyeza tisa, subiri muziki, halafu "tatizo lako limeshughulikiwa". Kesho yake 150 imekwenda tena.

Siku ya nne tukapanda bodaboda mpaka Tukuyu, kwenye duka la kampuni. Dada wa kaunta ndiye aliyetufungua macho. Huduma hizi mara nyingi si za kampuni ya simu yenyewe, ni za watu wengine wanaopitisha meseji zao kwenye mtandao wake, na kila huduma ina neno lake la kujiondoa. Mume wangu alijitoa kwenye meseji za asubuhi. Za usiku zilikuwa hai bado. Salio likiwa sifuri, mtambo unasubiri. Ukiongeza tu, unachukua chake.

Tukaandika malamiko kwenye karatasi: tarehe, namba ile fupi, kiasi kilichokatwa. Tukaongeza kwamba tusipojibiwa tunakwenda TCRA. Wiki iliyofuata makato yalikoma. Miezi mitatu ilikuwa imekula kama 13,500. Walirudisha 4,500. Tulichukua.

Ukikatwa, fanya hivi

• Angalia salio kabla na baada ya kulala. Likipungua bila kupiga, una huduma usiyoijua.

• Usifute meseji ya "umejiondoa". Huo ndio ushahidi wako, upige picha.

• Uliza swali hili hasa: "Nimeungwa kwenye huduma zipi zote?" Ukitaja moja, watatoa moja.

• Anza na kampuni yako na uombe namba ya malalamiko. Ikishindikana nenda TCRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ina ofisi ya kanda Mbeya, si lazima ufunge safari ya Dar. Sheria hiyohiyo ilianzisha TCRA-CCC, baraza la kutetea sisi watumiaji.

• Usidharau 150. Kwa anayeweka 500, ni karibu theluthi ya hela yake.

Na la nyumbani: kabla ya kufunga begi, uliza. Hela tulirudishiwa kidogo, lakini zile wiki tatu nilizomnunia mume wangu hakuna wa kunirudishia.

Siku hizi meseji anaandika mwenyewe. Juzi usiku imeingia moja: "Nimekula ndizi nyingi. Nimekukumbuka." Haina utamu wa zile za kununua, lakini hiyo sitaifuta.