VIJANA WETU NA MITI YETU: KIKUNDI KIDOGO KINAWEZA NINI?



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya mambo mawili yanayotusumbua. La kwanza ni kuni. La pili ni vijana waliomaliza shule, au walioiacha katikati kwa kukosa karo, ambao kutwa nzima wamekaa barabarani. Tumezoea kuyasema mbali mbali, kila moja na kilio chake. Sisi tunaona yanaweza kutibiwa pamoja.

Wengi wetu tulipofika hapa magharibi ya Uganda tulikuta vichaka karibu. Tulikata kujenga nyumba, tukakata kupika, tukachoma makala. Hatukupanda. Leo mama anaondoka alfajiri na kurudi jua limepanda, kichwani ana kuni za kupikia siku mbili tu. Msichana anayetumwa kuni anakosa masomo, na huko njiani hana usalama. Mwenye shamba wa kijiji jirani akimkuta anamnyang'anya panga, na ugomvi wa wenyeji na wakimbizi unaanzia hapo. Mwaka 2025 msaada wa chakula ulipokatwa kwa watu wengi katika nchi hii, tuliona wazi: hata posho kidogo uliyonayo haiivi bila moto.

Salongo bila mkubwa

Kazi ya pamoja si kitu kigeni kwetu. Wazee waliokulia Zaire wanakumbuka salongo. Wanyarwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Warundi nao wanazijua kazi za Jumamosi. Lakini jamani, tuseme ukweli: salongo wengi waliiendea kwa kuogopa mkubwa. Mkubwa akiondoka, jembe linalala. Hapa makazini hakuna wa kutusukuma. Basi kikundi kitasimama tu kama wenyewe wana sababu ya kurudi Jumamosi inayofuata. Hebu tuangalie wenzetu walipata wapi sababu hiyo.

Mathare: usafi unahesabiwa kama mabao

Mathare ni mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA, kwa msaada wa Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akiishi Nairobi. Watoto walitaka mpira. Lakini mtaani takataka zilijaa na mitaro iliziba, na maji machafu huleta magonjwa. Basi ikawekwa kanuni: timu haipati pointi kwa kushinda mechi tu, inapata pia kwa kufanya usafi wa mtaa. Timu hodari ya mpira ikikwepa koleo na toroli, inaweza kupitwa na timu dhaifu iliyofagia.

Angalia akili ya kanuni hiyo. Mtoto hakuhubiriwa juu ya mazingira. Alipewa njia ya kupanda kwenye msimamo wa ligi. Vijana wenyewe ndio walioendesha ligi, na waliojitolea zaidi walisaidiwa karo ya shule. Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikipa chama hicho tuzo yake ya Global 500. Timu yao kubwa, Mathare United, ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Na hili linatuhusu zaidi: mwaka 1999 utaratibu huo ulipelekwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo haya ni ya watu wenye kwao.

Kyangwali na Nakivale: jembe la wakimbizi wenyewe

Tusiende mbali. Hapa hapa Uganda, katika makazi ya Kyangwali, vijana wakimbizi walianzisha kikundi mwaka 2005. Jina lao, COBURWAS, limeunganisha herufi za Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Hawakungoja mfadhili. Walianza na mikono yao, wakalima ili wapate pesa za kusomesha wenzao, hasa wasichana. Baadaye walifungua shule ndani ya makazi. Mmoja wa waanzilishi, Joseph Munyambanza, alikimbia Kongo akiwa mtoto mdogo, akafika mpaka chuo kikuu Marekani.

Nako Nakivale, wakimbizi wa Burundi walioona akina mama wakichimba mpaka mizizi kwa kukosa kuni walianza kupanda miti. Walianza wachache sana. Kufikia mwaka 2025 kikundi chao kilikuwa kimepanda zaidi ya miti 400,000. Hiyo ni miti mingi kuliko watu wa makazi yao.

Sisi tulikosea wapi

Msidhani tunaandika kama mafundi. Sisi wa gazeti hili tuliwahi kuwa na kikundi cha miti, na kilikufa. Tuliletewa miche mia tatu ya bure mwezi wa sita. Tukafurahi, tukapiga picha, tukapanda siku ile ile. Mwezi wa sita! Mvua ilikuwa imekwisha, na kiangazi kilitukaa mpaka mwezi wa nane. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia. Mbuzi walikula iliyobaki, na mbuzi wengine walikuwa wetu wenyewe. Kisha ikaja shida ya pesa. Tulikuwa na akiba kidogo iliyoshikwa na mtu mmoja bila daftari. Hatusemi aliiba. Tunasema hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba hakuiba, na hilo lilitosha kuvunja kikundi. Vijana wawili waliotuamini wakati ule hawajaingia kikundi chochote mpaka leo. Hilo ndilo linatuuma kuliko miche.

Namna ya kuanza

Tumeongea na wenye vikundi vinavyoendelea, tukajiongezea na makosa yetu. Haya ndiyo tunayoshauri:

1. Anzeni watu kumi au kumi na tano mnaojuana. Wasichana wawe na vyeo vya kweli, si kupika chai ya mkutano.

2. Chagueni kazi moja inayoonekana, kama mtaro mmoja, au miti ya njia moja ya shule. Jirani akiona, atakuja mwenyewe.

3. Daftari la pesa lisomwe mbele ya wote kila mkutano. Sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja, na funguo zikae kwa watu tofauti, kama vikundi vya kuweka na kukopa vinavyofanya.

4. Oteshi miche wenyewe mapema, ili iwe tayari mvua zikianza mwezi wa tatu au wa tisa. Udongo mweusi, samadi iliyooza na mchanga kidogo vinatosha. Weka kivuli cha majani, mwagilia asubuhi na jioni. Wiki chache kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji ili mche uzoee jua.

5. Mikaratusi inakua haraka na inafaa kuni, lakini inakunywa maji mengi. Isipandwe karibu na kisima wala shamba la maharage. Pembeni ya shamba pandeni grevilea. Kaliandra ni nzuri pia: inatoa kuni, na majani yake ni chakula cha mbuzi.

6. Mwambieni kiongozi wa kijiji chenu, mwiteni na mwenyeji. Miti mliyopanda pamoja haileti ugomvi wa panga. Kikundi kikishika, kiandikisheni kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

7. Fanyeni kama Mathare. Kama kuna ligi ya mpira, kazi ya Jumamosi ihesabiwe pointi.

Wengine watasema, “Kwa nini nipande mti katika nchi ambayo si yangu? Kesho nitarudi nyumbani.” Tunawaelewa, nasi tunatamani nyumbani. Lakini tulisema hivyo hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na sasa watoto waliozaliwa hapa wanatumwa kuni. Mkaratusi uliopandwa mwaka ule ungekuwa umeshakatwa, umechipua tena, na mtoto yuko darasani. Na kijana aliyejifunza kuotesha miche, kuongoza mkutano na kutunza daftari, siku ya kurudi anarudi na ujuzi wake.

Ya kuzungumza nyumbani jioni

Wiki hii kuni zetu zimetoka wapi, na nani alikwenda? Kijana wetu angependa kufanya kazi gani na wenzake? Sisi wazazi tutamsaidia nini, hata kama ni jembe tu?

Mvua haiko mbali. Tuandae udongo.